Kisoda na Maji ya Gaba

Wewe mwenye mtoto anayefanya kazi ya utafiti, na nyumbani kwako kuna mwingine mdogo mwenye masikio mepesi, soma hapa hadi mwisho. Mimi nimeishia darasa la saba, sayansi yangu ni ya jikoni, lakini hili limenipata mimi mwenyewe.

Kifungua mimba wangu yuko kwenye kituo cha kuzalisha samaki. Anatunza vifaranga waliotoka kwenye yai juzijuzi, wale ambao ukichungulia majini unaona macho tu, mwili kama uzi. Jioni moja aliingia mbio, hata viatu hakuvua.

"Mama, wamekua! Wamewapita wenzao!"

Nikaacha sufuria. Nilianza kushangilia kabla sijajua nashangilia nini. Ndipo akanieleza: mle ubongoni mishipa ya fahamu inarushiana kemikali, na kila kemikali ina ujumbe wake. Mojawapo inaitwa gaba. Walikuwa wametia kidogo kwenye maji ya tangi moja, na inaelekea ujumbe wake unafika kwenye kitezi kilicho chini ya ubongo wa kifaranga, nacho kinaachia homoni ya ukuaji kwa wingi. Tangi la pili halikutiwa kitu, hilo ni la kulinganishia.

"Na ikizidi?" nikauliza, maana mimi kila kitu lazima niulize kikizidi inakuwaje.

"Ikizidi wanazubaa, Mama. Wanalala chini ya tangi, kula hawataki. Kipimo chenyewe bado tunakitafuta."

Kitinda mimba wangu alikuwa hapohapo anamenya viazi. Wenzake wanamwita Kisoda kwa ufupi wake. Anautaka ugolikipa kuliko anavyotaka kula, na mwalimu wa michezo alikuwa amemwambia arudi akirefuka. Alikimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi. Nikadhani ni uvivu.

Jumamosi dada yake akatupeleka tukawaone. Chumba kina joto, sakafu imelowa, pampu za hewa zinakoroma. Mezani kuna hadubini iliyounganishwa na skrini, na kwenye skrini akatokea kifaranga mkubwa kama kambale, moyo unadunda mpaka unauona. Nikapiga ukelele wa furaha peke yangu, wafanyakazi wakageuka.

"Huyu katoka tangi gani, dada?" Kisoda akauliza.

"Lile la mlangoni," akajibu dada yake, jicho liko kwenye hadubini.

Wiki iliyofuata Kisoda akaanza kusinzia. Anasinzia mezani, anasinzia na mswaki mdomoni. Natandika kitanda chake, nikakuta chupa chini ya mto: maji ya rangi ya chai nyepesi, yananuka shombo. Nikakumbuka maneno ya dada yake. Wanazubaa, alisema. Wanalala chini ya tangi.

Sikumbuki nilivaa nini. Nilimshika mkono, chupa kwapani, mbio hadi kituoni, njiani namhoji.

"Umekunywa?"

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kama dawa."

"Daktari wako nani?"

"Mimi mwenyewe."

Isingekuwa hofu ningecheka.

Dada mtu alipoiona ile chupa uso ulimshuka. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Umechota tangi lipi? Sema kweli, sikuchapi."

"La mlangoni, Jumamosi ile. La wale wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Si nilimwona kwenye skrini! Mkubwa kama mkono wangu!"

Dada mtu akamkodolea macho. Kisha akaketi palepale kwenye maji ya sakafuni, akaanza kucheka hadi machozi. Nilitaka kumzaba kibao.

"Mwenzio anakufa, wewe unacheka?"

"Mama, tangi la mlangoni halina gaba! Ndilo la kulinganishia! Yule kifaranga ni mdogo tu, ni lenzi iliyomkuza!"

Akamwinua Kisoda, akaweka chini ya lenzi moja kifaranga wa tangi hili na wa tangi lile. Wa gaba alimzidi mwenzake kwa kitu kidogo tu, ukipepesa jicho hukioni.

"Hicho ndicho tunachokirukia siku zote hizi," akasema.

Kisoda akatazama skrini, akatazama chupa. "Kwa hiyo nimekunywa mavi ya samaki bure?"

"Bure kabisa."

"Na huo usingizi?" nikadakia.

Kumbe kila alfajiri, sisi tumelala, mwenzetu yuko kwenye fremu ya mlango wa bafu ananing'inia arefuke, ili dawa ipate pa kushukia!

Mimi na dada yake tulimpeleka zahanati hata hivyo. Tumbo lilimwendesha, akapewa dawa, akapona. Lakini fikiria angechota lile la gaba, bila kipimo, mwili wenyewe ule. Mwenzangu, mambo ya maabara yakisimuliwa nyumbani, usiishie kushangilia. Mweke mdogo chini, mwambie hiki ni cha samaki, nacho bado kinajaribiwa, na umwambie tena kesho yake.

Mimi nilimwambia siku hiyohiyo, tukitoka zahanati. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akamgeukia dada yake.

"Dada, mkishakijua kipimo, mtaanza na nani?"

"Na samaki."

"Na baada ya samaki?"

"Samaki wengine!" nikajibu mimi, na mkono wake sikuuachia mpaka nyumbani.