Donge Juu ya Pistoni

Uwesu aliizungusha injini kwa mkono, spana ikisogea nusu shibiri kwa mara moja, sikio lake likiwa karibu na chuma kama mkunga anayesikiliza tumbo. Mizunguko miwili kamili. Hakusikia kugongana. Alifuta jasho, kisha akaanza kulegeza boliti za kichwa cha injini, kutoka nje kwenda kati.

"Unafungua tena?" Humoud aliruka kutoka kwenye tairi alilokalia. "Fundi, si umeshafunga? Tia petroli tuisikie!"

"Nimefunga ili nifungue, Bwana Humoud."

Humoud, muuza vitambaa wa Mtaa wa Msimbazi, angeikimbiza Datsun ile katika mashindano ya Jumapili. Kemshafti mpya, mhimili wenye nundu za kusukuma valvu, ilimfikia kwa mkono wa mjomba wake wa Mombasa baada ya miezi minne ya kungoja. Nundu zake zilikuwa ndefu kuliko za asili: valvu zingezama zaidi, injini ivute pumzi kubwa. Lakini valvu ikichelewa kupanda, pistoni itaikuta njiani. Na mwaka ule wa uhaba, valvu ikipinda, Kariakoo nzima haikuwa na duka la kukuuzia nyingine.

Ndiyo maana asubuhi Uwesu alimwendea Zamzam, mpika chapati wa ng'ambo ya gereji, kuomba donge la unga uliokandwa.

"La kula?"

"La kuweka juu ya pistoni."

Zamzam alicheka mpaka akaegemea meza. "Unga wa foleni huu, kaka Uwesu! Mimi nisimame tangu alfajiri, wewe ukalishe gari?" Hata hivyo alimkatia, akalipaka mafuta lisinate kwenye chuma.

Sasa kichwa cha injini kilinyanyuka. Pale valvu ilipokanyaga, donge, kipimo cha nafasi iliyobaki kati yake na pistoni, lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu. Pistoni ilionekana iking'aa chini yake.

"Haikugonga," Humoud alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Ikiwa baridi, na mkono wangu ndio unaoizungusha. Jumapili itagonga."

Kwa miaka kumi na mmoja, kabla ya kufungua injini yoyote, Uwesu alichanja gia na mnyororo wake kwa patasi, chale mbili ndogo, ili kila kitu kirudi kilipotoka. Mafundi wote wa mtaa wa Gerezani waliijua alama ya Uwesu, na haikuwahi kumwangusha. Leo pia alichanja, akaifunga kemshafti mpya kwa kuifuata. Lakini alama ile iliijua kemshafti ya zamani. Hii ngeni, nani aliitambulisha kwayo?

Alitarajia aibu. Badala yake moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua. Akachukua tupa.

"Unafuta alama yako mwenyewe?" Zamzam alikuwa amevuka barabara, unga mpaka viwikoni.

"Jana, kwa kemshafti ya zamani, ilikuwa kweli."

Aliipandisha pistoni ya kwanza mpaka juu kabisa, akausogeza mnyororo jino moja, hata nundu mbili za silinda ile zikalingana kama mabega ya mtu mmoja. Donge jipya. Akafunga, akazungusha, akafungua. Jua lilikuwa limeshainama upande wa Magomeni.

Zamzam ndiye aliyetangulia kuchungulia. "Unene wa shilingi!"

Humoud alipiga kelele hata mafundi wa gereji ya pili wakaja mbio. "Washa, fundi! Washa!"

Uwesu naye alitamani mno kuisikia ikiunguruma. Kwa sababu hiyo hiyo aliiweka spana chini.

"Hiyo ni silinda ya kwanza tu."

"Na Jumapili je?"

"Leo Alhamisi."

Alichukua patasi, akaishikilia juu ya gia kwa muda, kisha akairudisha kisandukuni; alama mpya ingengoja silinda zote. Akaifunika injini kwa kitambaa safi.

"Zamzam, kesho unaingia foleni saa ngapi?"

"Kumi na moja alfajiri. Kwani vipi?"

"Nitakuja tusimame wote. Zimebaki silinda tatu."