Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Alhamisi asubuhi mfamasia alilirudisha gari nyuma kutoka uani huku macho yake yote yako kwenye kioo cha kulia. Nguzo ya lango ilikuwa kushoto. Alisikia mlio wa bati linalokunjwa, akazima injini, akakaa kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba amesikia vibaya.

Hakusikia vibaya. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umebonyea, shimo la kutosha kulaza papai, na rangi ya samawati imechubuka hadi bati likaonekana.

Kibaya zaidi, gari lilikuwa la mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari, amelinunua kwa jasho lake, na analiosha kwa mikono yake mwenyewe kila Jumapili. Wiki hiyo alikuwa kwenye semina ya walimu, na alitarajiwa kurudi Jumapili alasiri. Fundi wa bodi aliyepigiwa simu alijibu bila haraka, "Lete gari, halafu njoo ulichukue wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshaachika," alisema mfamasia baada ya simu kukatwa.

Akaomba ruhusa ya siku moja kazini, akatazama video tatu kwenye simu. Katika moja, kijana mmoja mchangamfu alinyoosha mlango kama huo kwa dakika tisa, tena akipiga mluzi. Mfamasia akapiga moyo konde. Mtu anayepima dawa za watoto kwa matone, bati litamshinda nini?

Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama mkwe. Mama huyo alikuwa amehamia kwao miezi minne nyuma, baada ya kufunga duka lake la keki. Kwa miaka thelathini alikuwa amepamba keki za harusi, za ghorofa tano, zenye maua ambayo watu waliogopa kuyakata. Kati yake na mkwewe palikuwa na heshima tupu. Kila asubuhi ilikuwa "Shikamoo, mama," na "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" na "Salama," basi, kila mtu na chai yake. Mama alikuwa na tabia ya kumtazama mtu juu ya miwani, na mfamasia aliamini kabisa kwamba kila akitazamwa hivyo, mama anajiuliza binti yake alikosa nini mpaka akamchukua huyu.

Ijumaa asubuhi, basi, alianza kazi akiwa amelipa mgongo dirisha la jikoni, kama mtoto anayekula sukari kwa siri.

Kwanza alitumia mpira wa kuzibulia sinki. Aliulowesha, akaubandika kwenye shimo, akavuta. Bati likatoka kwa mlio wa kufurahisha, naye akaruka juu kwa shangwe. Hajatua vizuri, bati likarudi ndani.

Akafungua kava la ndani la mlango ili asukume kwa nyundo ya mbao kutoka upande wa pili. Vishikizo vitatu vya plastiki vilikatika, na kimoja kilirukia kwenye maua, hakikuonekana tena. Aligusa kitu ambacho hakupaswa kukigusa, na kioo cha dirisha kikateremka chote ndani ya mlango, taratibu, kama mtu anayeingia kisimani. Alihangaika nusu saa kukipandisha na kukiegemeza kwa kipande cha mbao. Hata hivyo nyundo ilisaidia. Shimo lilipungua, ingawa palipokuwa na bonde moja sasa palikuwa na bonde dogo na vilima viwili.

Ikabaki puti, ule udongo wa kusawazishia bati lililobonyea. Alisugua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akachota puti kwa mwiko, akaiweka kwenye ubao, akakamua dawa ya kukaushia kutoka kwenye kitubu chake. Karatasi ya maelekezo ilisema kiasi cha punje ya harage. Yeye alikuwa na haraka, akakamua za kutosha sufuria. Akakoroga, akapaka mara ya kwanza, akarudi kuchota mara ya pili. Mwiko haukutoka. Puti ilikuwa imegeuka jiwe, mwiko umesimama wima katikati yake kama mlingoti wa bendera.

Alivuta, akainua mwiko pamoja na ubao wake. Akautikisa. Wapi!

Nyuma yake mtu akacheka. Hakikuwa kicheko cha kificho. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kushika mbavu, ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi, anafuta machozi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Tangu jana najikaza. Mpaka kile kioo kilipozama nikasema, hapana, leo nitakufa."

Mfamasia akaona aibu mpaka masikioni. "Kumbe mama umeona yote?"

"Tangu nguzo." Akasogea, akaugonga ule ubao kwa kucha. "Wewe si mtu wa dawa? Mgonjwa akimeza dozi mara tatu, anapona mara tatu?"

"Hapana, mama."

"Haya. Na hii umeipaka nene kama unaziba ufa wa ukuta. Ngoja."

Aliingia ndani, akarudi amefunga aproni, ameshika kisu chake bapa cha kupakia krimu, kirefu, chembamba, kilichong'aa kwa miaka ya kazi. Mfamasia akashtuka.

"Mama, hicho si cha keki?"

"Kilikuwa. Keki yenyewe iko wapi?"

Akachanganya puti kidogo, dawa kiasi cha harage kweli, akaivuta juu ya bati kwa mkono mmoja tu, bila kusita. Ililala laini kama karatasi. "Nyembamba," alisema. "Ikauke, usugue, upake tena. Ukitaka kuficha kosa kwa safu moja nene, itapasuka tu, na kosa litachungulia."

Wakafanya hivyo mchana kutwa. Yeye akisugua kwa msasa uliozungushiwa kipande cha ubao, mama akipaka. Kila safu ikikauka, mama alifumba macho, akapitisha kiganja. "Hapa bado. Hapa kuna mgongo wa panya. Weka mkono wako, acha kutazama, macho yanadanganya."

Alipofumba macho, mfamasia akausikia kweli ule mgongo wa panya chini ya vidole. Akafurahi kupita kiasi.

Saa nane walikaa kwenye ngazi kungojea safu ya nne, vumbi jeupe limewajaa mpaka kwenye nyusi.

"Nikwambie jambo?" alisema mama. "Hapa kwenu mnanitunza vizuri mno. Nikishika kikombe, napokonywa. Nikishika ufagio, 'Mama, pumzika.' Nimewekwa kabatini kama sahani za wageni. Nilidhani wewe ndiye umepitisha hiyo sheria, kwa kuwa ukiniona tu, unakimbia."

"Mimi?" Mfamasia akamgeukia. "Mama, mimi nakimbia ile miwani! Nilijua unanitazama kwa kunihesabia makosa."

"Miwani hii ni ya kusomea. Ya mbali sioni nayo kitu, ndiyo maana natazama juu yake." Akaivaa, akamtazama kwa juu. "Nakuona vizuri tu. Una puti puani."

Wakacheka mpaka jirani, mwenye gari la mizigo, akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Jumamosi walipuliza rangi. Walifunika vioo kwa magazeti, wakapiga rangi ya msingi, kisha samawati, kidogo kidogo, wakingoja upepo utulie. Palitokea mchirizi mmoja karibu na kitasa. Mfamasia alitaka kuufuta papo hapo, mama akampiga kofi mkononi. "Uache ukauke! Tutausugua baadaye."

Jumapili mkewe alishuka kwenye teksi, akakumbatia mama yake, akakumbatia mumewe, na begi bado liko begani akauliza, "Mlango wangu umefanywa nini?"

Rangi mpya ilikuwa imekolea kuliko ya zamani, kidogo tu. Mfamasia akafungua mdomo kukiri, lakini mama akamtangulia.

"Amegonga nguzo. Amekosea, tumemsema, yameisha. Sasa pitisha mkono hapo, uniambie shimo liko wapi."

Mwalimu akapitisha mkono. Akarudia. Akainama, akautazama mlango kwa ubavu dhidi ya mwanga, kisha akawatazama wale wawili waliosimama bega kwa bega kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

"Nani kafanya?"

"Mimi na mwenzangu," alisema mama.

Mwalimu alikuwa bado anaupapasa mlango jirani alipogonga lango, kofia mkononi. Samahani kwa usumbufu, alisema, lakini bampa la gari lake lina bonde la muda mrefu, na kama mama angekuwa na nafasi ya kulitazama tu...

Mama alikuwa ameshafunga aproni. Mfamasia akachukua ndoo na msasa, akamfuata, na mwalimu, begi lake bado begani, akawafuata wote wawili kwenda kuona.