Divisheni Wani ya Kishiwa

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Filomena akiwa shambani anapalilia mahindi. Aliinua uso akamwona Mwalimu Ditram, mkuu wa sekondari ya kata, anakuja mbio kwenye njia ya shamba, viatu mkononi, suruali kaikunja mpaka magotini. Filomena akaingiwa na hofu, maana Mwalimu Ditram hakuwa mtu wa kukimbia. Hata kwenye mechi ya walimu na wanafunzi alikuwa anatembea na mpira.

"Mama Imani!" aliita kabla hajafika. "Kishiwa! Divisheni wani!"

Jembe lilimponyoka. Akapiga kigelegele, akakaa chini katikati ya mahindi.

"Na Imani?" aliuliza alipopata pumzi.

"Imani kapata tatu, safi kabisa, chuo anakwenda. Lakini huyu Kishiwa, mama! Tangu shule yetu ifunguliwe hajatokea mtu wa kupata wani. Si msichana, si mvulana."

Mtu asiyewajua angedhani Kishiwa ni mtoto wa Filomena, na Imani ni wa jirani. Mambo yalikuwa kinyume chake. Imani ndiye bintiye wa kumzaa. Kishiwa alikuwa mtoto wa Paulo, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, akajenga ng'ambo ya mto, mahali palipokuwa shamba la mkonge zamani. Na Paulo huyo Filomena alikuwa hasemi naye.

Ugomvi wao ulianzia kwenye mahindi. Msimu mmoja ng'ombe wa Paulo walivuka mto, na kulipokucha shamba la Filomena lilikuwa limebaki mabua na nyayo. Kesi ilifika ofisi ya kijiji, ikaamuliwa, Paulo akaomba radhi mbele ya watu na kuahidi kwamba atawafunga ng'ombe wake. Filomena aliitikia kwa mdomo tu. Babu yake alikuja Rudewa kutoka Songea kukata mkonge; mashamba yalipokufa, familia ikabaki na kipande hicho cha ardhi, na hakuna kilichomuuma kama kukiona kimekanyagwa vile. Tangu siku hiyo, akimwona Paulo mnadani, anageukia upande mwingine kama mtu anayetafuta bei ya vitunguu.

Sasa, Kishiwa aliingiaje nyumbani kwake? Ni kwa sababu ya mkono wake mwenyewe. Watoto walipofika kidato cha tatu, Mwalimu Ditram aliita mkutano wa wazazi. Alisema wapo wasichana wanaotoka mbali, wanaondoka kwao gizani na kurudi gizani, mvua ikinyesha hawavuki mto kabisa, na bweni bado limesimama kwenye msingi. Aliomba kila mzazi wa karibu mwenye nafasi apokee msichana mmoja. Filomena alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ndipo Mwalimu akasoma jina la msichana na jina la baba yake, na ukumbi mzima ukamgeukia. Filomena alitamani kuushusha ule mkono, lakini ungeshukaje mbele ya watu wote wale?

Basi Kishiwa akaja na mfuko wake wa nguo na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wiki ya kwanza Filomena alimpa chakula na kitanda, maneno akambania. Lakini ni nani anayeweza kumnunia mtoto anayepiga magoti kila asubuhi na kusema "Shikamoo mama" kama vile hajui lolote? Kabla ya mwezi kwisha alikuwa anamwita "mwanangu" bila kujisikia. Yeye na Imani walilala kitanda kimoja, wakasoma kwa taa moja, wakagombania kanga moja. Kishiwa alimfundisha Filomena salamu za Kisukuma. Filomena alimfundisha kupika mlenda. Mitihani ilipokwisha na Kishiwa akarudi kwao, nyumba ikapoa. Mara kadhaa Filomena alijikuta amechota unga wa watu watatu wakati wamebaki wawili.

Wiki moja baada ya matokeo, wazazi walikutana tena shuleni. Mwalimu Ditram alitaka ifanyike sherehe ya taaluma, si kwa ajili ya Kishiwa peke yake bali kwa darasa zima, ili walio nyuma waone. Watu walianza kujitolea. Huyu mchele, yule kuni, wengine mafuta na nyanya. Filomena akapewa jiko. Ndipo Mwalimu Ditram akasema kwamba Paulo ameleta salamu: atatoa dume.

Halafu mtu mmoja nyuma akanung'unika kwa sauti ya kusikika, "Dume lenyewe si ndilo lililokula mahindi yetu?"

Filomena alihisi macho yanamtafuta. Kabla hajajua aseme nini, Mzee Mwinshehe alisimama. Huyu ndiye aliyekuwa akiwachinjia watu wote wa pale, wa msikitini na wa kanisani, harusi na misiba, na shamba lake lilipakana na la Filomena. Msimu ule mahindi yake nayo yaliliwa.

"Kama ndilo lililokula mahindi yetu," alisema taratibu, "basi lete hapa nilichinje. Tukilila tutakuwa tumerudishiwa mahindi yetu, tena yakiwa nyama."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Yule aliyenung'unika alicheka mpaka akajifuta macho. Filomena naye alicheka, na katikati ya kicheko akasikia kitu kifuani kimelegea, kama kamba ya mzigo inapofunguliwa.

Sherehe iliwekwa Jumamosi ya mwisho wa Machi. Dume lililetwa Ijumaa na vijana wa Paulo, likachinjwa alfajiri. Tatizo lilikuwa mvua. Ilinyesha tangu jioni bila kukata, na kulipopambazuka uwanja wa shule uling'aa kwa maji. Filomena na kina mama wenzake walihamishia mafiga kwenye veranda ya darasa, wakawa wanapika huku moshi unawatoa machozi. Mwalimu Ditram alikuja na simu sikioni, uso umemshuka.

"Mgeni rasmi ameishia njiani, amegeuza gari. Na fuso lenye turubai, viti na muziki limezama kwenye korongo hapo mbele. Dereva anasema hatoki leo. Mama Imani, tuahirishe?"

Filomena alitazama masufuria. Pilau ya shule nzima ilikuwa jikoni, nyama inatokota. "Mwalimu, chakula hiki tutakiahirishia wapi?"

Wakati huohuo mkokoteni ulitokeza getini, unavutwa na maksai wawili wakubwa waliouvuka mto, maji na matope yamewafika tumboni. Paulo alikuwa anatembea kando na fimbo yake. Juu ya mkokoteni, chini ya kipande cha nailoni, alikaa mkewe Marciana na vibuyu vya maziwa, pamoja na Kishiwa aliyevaa sare yake ya shule iliyopigwa pasi. Kishiwa aliruka hata kabla mkokoteni haujasimama, akaja mbio, akapiga goti palepale kwenye maji.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utaharibu sketi!" Filomena alimwinua akamkumbatia kwa mikono yenye vitunguu. Imani akatoka ndani anapiga kelele, wakashikana wale wawili wakawa wanazunguka kama wendawazimu.

Lakini macho ya Filomena yalikuwa kwa maksai. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuka uwanja. Paulo alimwona anakuja, akavua kofia. Alionekana kama mtu anayengoja kusomewa kesi nyingine.

"Habari za asubuhi, Baba Kishiwa."

"Salama, Mama Imani. Habari za hapa?"

"Hapa tumekwama. Gari la viti limezama korongoni. Hawa ng'ombe wako wanaweza kulivuta?"

Paulo aliwatazama maksai wake, halafu akamtazama Filomena. Tabasamu likaanza kumtoka polepole. "Hawa? Hawa walivuta hata nyumba yangu nzima nilipohama."

Walikwenda wote. Maksai wakafungwa mnyororo mbele ya fuso, Paulo akawaongoza kwa kuwaita kwa majina yao, na nyuma wakasimama wanaume wa mashambani, Mzee Mwinshehe akiwa katikati kanzu kaifunga kiunoni, wanasukuma. Wanafunzi walikata majani na kuyatupa chini ya magurudumu. Mara ya kwanza fuso lilitikisika tu. Mara ya pili likapanda, likarudi, likawamwagia matope waliokuwa nyuma. Mara ya tatu Paulo alipiga ukelele mmoja mrefu, wanaume nao wakaitikia ukelele uleule bila kujua maana yake, na fuso likatoka kama jino bovu. Walirudi shuleni wamefanana wote. Kwa matope yale usingemtambua mkulima wala mfugaji.

Mvua nayo, kama iliyokuwa inangoja hilo, ikakatika.

Kwa kuwa mgeni rasmi hakuwepo, Mwalimu Ditram alisema wazazi wenyewe ndio watakaokuwa wageni rasmi. Wahitimu waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa vigelegele vya kwao. Imani alipoitwa, Filomena alicheza toka jikoni mpaka mbele na mwiko mkononi, na hakuna aliyemuuliza ni divisheni gani. Mwisho akaitwa Kishiwa. Watu walisimama. Mwalimu akaomba mzazi aseme neno, na Paulo, mtu wa minada na kelele, akatikisa kichwa. Alimsukuma mkewe mbele.

Marciana hakuzoea Kiswahili. Alikielewa, lakini kukisema mbele ya umati ule kulimtisha. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyepewa kaa la moto. Filomena hakufikiri mara mbili. Alikwenda akasimama kando yake, akamsalimu kwa Kisukuma kile kidogo anachokijua: "Mwangaluka, mayu."

Marciana alimtazama kwa mshangao, akaitikia, halafu akaanza kusema Kisukuma. Kishiwa alikuwa anatafsiri.

"Mama anasema, nilipoondoka nyumbani alilia wiki nzima. Alifikiri nitanyanyaswa, kwa sababu ya mambo ya mahindi." Kishiwa alisita. Mama yake akamgusa bega, aendelee. "Anasema niliporudi Novemba nilikuwa nimenenepa. Nilikuwa napika mlenda, na baba akaomba aongezewe. Anasema ndipo alipojua mtoto wake alikuwa kwa mama." Hapo sauti ya Kishiwa ilikatika, na Marciana, alipoona tafsiri imekwama, akamaliza mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Asante. Asante sana, watu wa Rudewa."

Basi muziki ukafunguliwa, na watu wakaanza kuja mbele na zawadi wakicheza. Walimu walikuwa wamenunua sanduku la bati la Kishiwa kwenda nalo kidato cha tano, na kila aliyekuja alitia kitu: shuka, sabuni, ndoo, kandambili, tochi. Mzee Mwinshehe alikuja wa mwisho, anacheza kwa madaha, na begani kabeba jembe jipya.

"Shule zote za bweni zinadai jembe," alitangaza. "Na nyinyi wafugaji najua hamna. Chukua, mjukuu wangu. Na wewe sasa utalima, ujionee."

Kishiwa alipiga magoti akalipokea kwa mikono miwili. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Paulo. Alimfuata mzee pale alipokuwa, wakashikana mikono, na Filomena alipopita na sinia ya pilau aliwasikia wanazungumzia samadi: Paulo anayo nyingi inaozea zizini, mzee anauliza kama mkokoteni utafika shambani kabla ya kupanda maharage.

"Utafika," Paulo alijibu. Akamwona Filomena. "Na kwako pia, Mama Imani, ukitaka."

"Nataka," Filomena alisema. "Lakini samadi peke yake. Ng'ombe wenyewe wabaki nyumbani."

"Nitawafunga," Paulo alisema, na safari hii alisema huku akicheka.

Jioni, masufuria yalipokuwa yameoshwa na turubai limeshushwa, Paulo aliwafunga maksai kwenye mkokoteni. Imani alikuja kwa mama yake ameshika kiroba cha nguo, na Kishiwa kasimama nyuma yake anajifanya anatazama mawingu.

"Mama, nataka niende nao. Siku chache tu. Kishiwa anasema atanifundisha kukamua."

Filomena alimtazama bintiye, akafikiria nyumba itakavyokuwa kimya usiku huo. Halafu akafikiria mwanamke mwingine, ng'ambo ya mto, aliyewahi kulia wiki nzima. Alichukua kile kiroba, akakipandisha mwenyewe juu ya mkokoteni, akamgeukia Marciana.

"Msimchoke. Huyu anapenda sana kulala."

Marciana alisogea akampisha Imani nafasi, akamfunika miguu kwa kitenge chake.

"Nitamwamsha," alisema.