Joto la Jumapili

Joto la mwili la Jumapili lilifika ofisini Jumanne iliyotangulia, saa tatu asubuhi, na lilikuwa zuri kabisa: thelathini na sita nukta tano. La Alhamisi lilikuwa hivyo hivyo, na la Ijumaa halikupishana nalo hata chembe. Afisa utumishi aliikuza picha kwenye simu yake kwa vidole viwili, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Fundi alikuwa amesahau kuikunja fomu sehemu ya chini, yenye siku ambazo hazijafika, kabla ya kuipiga picha.

Afisa huyu, ambaye wenzake humwita Mama Fomu akiwapa kisogo, ndiye aliyeitunga fomu hiyo. Kampuni yao hufunga na kukarabati lifti. Mwezi uliopita ilimtuma fundi wake hodari nchi ya nje, kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, na kabla hajamaliza, homa ya kuambukiza ikalipuka huko huko. Ndege zikapunguzwa, fundi akabaki. Mkurugenzi aliitisha kikao, akasema kampuni inawajali watu wake, kwa hiyo kiandikwe kitu. Mama Fomu hakusubiri kuambiwa mara mbili. Aliandika mwongozo wa kurasa kumi na nne, vichwa vyote vikiwa vimepigiwa mstari, akamtumia fundi pamoja na kifurushi cha barakoa, sabuni na kipimajoto, na fomu ya wiki ya kujaza joto la mwili na kuipiga picha kila asubuhi.

Siku nane mfululizo fundi alileta thelathini na sita nukta tano. Mama Fomu alifurahi mno. Fomu ya wiki ya kwanza aliibandika ubaoni iwe mfano kwa wengine, akawaambia kwamba mtu mwenye nidhamu, hata mwili wake hauna papara.

Sasa alijua kilichotokea, na alijua pia ni nani aliyekilea. Katika kampuni ile, kadi za ukaguzi wa lifti hujazwa Jumatatu, za wiki nzima, kwa mkao mmoja: mafuta sawa, breki sawa, kamba sawa. Mafundi husema lifti haina tabia ya kubadili mawazo usiku. Kadi hufika kwa Mama Fomu, naye huzigonga muhuri zote bila kusoma, maana zimenyooka na zinapendeza. Mtu aliyezoea kuijazia lifti Ijumaa yake angeshindwaje kujijazia ya kwake?

Alimpelekea mkurugenzi ile picha. Mkurugenzi aliitazama kwa makini, uso ukamkunjuka.

"Basi mpaka Jumapili yuko salama," alisema.

Mama Fomu akamweleza polepole. Mkurugenzi alikubali kwamba hilo nalo ni tatizo, akaagiza fundi aandikiwe barua ya onyo, na barua imkumbushe kipengele cha sita. Kipengele hicho alikiongeza yeye mwenyewe kwenye mwongozo: atakayepata homa ataondolewa kwenye kazi hiyo, na nafasi yake itapewa mwingine. Alisema kitazuia watu kujisingizia ugonjwa. Mama Fomu hakukipenda tangu mwanzo, lakini alikipiga chapa, tena kwa herufi nzito.

Alikuwa ameandika tarehe ya barua na neno "Yah" aliposikia hodi. Aliyeingia alikuwa mke wa fundi, mhudumu wa mapokezi, ambaye meza yake iko hatua kumi na mbili kutoka hapo. Kila asubuhi huja na swali moja tu, kwa sababu mumewe akipigiwa simu husema ni mzima, basi, kisha huulizia watoto.

"Dada, ameamkaje leo?"

Siku zote nane jibu lilikuwa tayari, na mke hurudi mapokezi moyo umetulia. Leo hakulitoa. Mama Fomu aliona haya, haya ya kweli, kwamba amekuwa akimtuliza mke wa mtu kwa namba kama anayempa mtoto pipi. Mke akaendelea kusema kwamba jana sauti ya mumewe ilikuwa imekwaruza, na alipomuuliza akasingizia vumbi la saruji.

"Keti," alisema Mama Fomu. "Tumpigie."

Simu iliita sana ndipo ikapokelewa. Mama Fomu aliiweka kwenye spika, akamuuliza fundi joto lake.

"Thelathini na sita nukta tano, mama."

"La lini hilo?"

Upande wa pili ukakohoa, na kikohozi hakikuwa cha kuisha upesi.

"Na kipengele cha sita, mama?" fundi aliuliza.

Tangu aajiriwe, Mama Fomu hakuwahi kufuta neno lililopitishwa na mkurugenzi. Alifungua mwongozo ukurasa wa tisa, akachukua kalamu nyekundu, akakata. Mstari ulienda mshazari.

"Nimekifuta."

"Mkurugenzi anajua?"

"Atajua. Kazi ni yako, uwe na homa, usiwe nayo. Sahihi ni yangu. Pima."

Ilibidi wasubiri, kwa sababu kipimajoto kilikuwa bado hakijatolewa kwenye pakiti. Walisikia plastiki ikivutwa, ikikataa, kisha ikichanwa kwa meno. Baada ya hapo walisikia pumzi zake tu. Mke alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Thelathini na nane nukta saba," fundi alisema. "Samahani, mama."

Aliomba radhi kama mtu aliyemwaga wino juu ya meza ya mwenziwe. Mama Fomu alimwambia hakuna cha samahani, asitoke chumbani, asikanyage kwenye lile jengo, na daktari atamfuata hapo hapo kabla ya adhuhuri. Namba za madaktari wa huko alikuwa nazo, ukurasa wa pili wa mwongozo. Alikuwa hajawahi kuzipiga. Akauliza homa ilianza lini, akajibiwa Jumamosi.

Mke aliivuta simu karibu yake. Hakulia wala hakumgombeza.

"Umekula?"

"Tangu juzi sijala."

Mama Fomu alichukua fomu, akaipitia kutoka juu mpaka chini, kalamu mkononi, akitafuta mahali pa kuliandika hilo.