Harusi Iliyotangulia Uchumba

Gari la sinema lilipowasili Temeke, kaptula ya Revelian ilikuwa imekakamaa kwa wanga. Yeye ndiye karani aliyefasiri picha za Kiingereza kwa kipaza sauti, na jioni hiyo, benchi la mbele, alikuwa ameketi katekista Kornelio pamoja na binti yake Avelina. Mzee alikwishatamka: akiona kijana huyo ni mtu wa maana, atampokea mshenga wake, akiona ni domo tupu, basi.

Picha ilikuwa ya mapenzi na vichekesho, ya Uingereza baada ya vita. Mwinjuma, dereva na mwendesha mtambo, aliuchukua mkanda uliokuwa juu sandukuni. Alisahau kwamba jana yake, kule Msasani, mkanda aliomalizia kuufungasha ulikuwa ule wa mwisho wa hadithi.

Kwa hiyo picha ikaanza na kengele za kanisa, na bibi harusi akibusiwa.

"Wameoana," Revelian akafasiri, jasho likimtoka.

Katika mkanda uliofuata, maharusi wale wale wakagombea mwavuli na kuulizana majina.

"Hee! Kaachwa huyo!" Bi Mwanakombo, muuza vitumbua, akapaza sauti. "Hata hina haijafutika!"

Mzee Kornelio akakunja uso. Talaka, mbele ya binti yake!

Kukiri kwamba mikanda imechanganyika kungekuwa rahisi, lakini shuleni kwa mapadri Revelian hakufundishwa kutahayari hadharani. "Hawakuachana!" akanguruma. "Bwana kashikwa na malaria, amesahau kila kitu. Mke anamposa upya."

"Mke anaposa? Ulaya kumeharibika!" mtu akapayuka kutoka nyuma.

Hata hivyo watu wakamwonea mgonjwa huruma, ingawa sasa alikuwa akicheza dansi juu ya meza.

"Homa imepanda," Revelian akaeleza.

Kisha bibi akambamizia bwana mlango usoni, mkanda ukaisha, na kitambaa cha sinema kikabaki cheupe.

"Halafu?" umati ukafoka.

Revelian akajibu, "Bibi akasema: sifungui mpaka baba yangu aridhie."

"Na baba yake alisemaje?" akauliza Avelina, kana kwamba hajui lolote.

Uwanja mzima ukamgeukia Mzee Kornelio. Akainuka, akakohoa.

"Baba akasema: mkalimani huyu ni mwongo mkubwa."

Revelian akateremsha kipaza sauti.

"Lakini aliyeng'ang'ana hivi kuinusuru ndoa ya watu wasiomhusu, ya kwake hataitupa. Mshenga aje Jumapili, baada ya misa. Nawe Mwinjuma, turudishie ule mkanda wa harusi, tukalale na roho safi."

"Na yule mgonjwa," akadakia Bi Mwanakombo, "apewe kwinini kwanza!"