Uweso Asikanyage Chini

Jumapili ile jua halijachomoza sawasawa, na uwanja wa mpira wa shamba la mkonge umeshajaa watu kama pana arusi na msiba kwa pamoja. Wenye vigoda walikaa mbele, wenye miguu yao tu walisimama nyuma, na watoto wakapanda milingoti ya goli. Mwatumu alikuwa amefika kabla ya wote. Nani angemtangulia, na habari yenyewe kaieneza yeye? Tongoni kaipeleka yeye, Mwera kaituma kwa dereva, na Tanga mjini alikuwa na mashoga wa kutosha kulienea soko zima kabla chai haijapoa.

Habari ilikuwa hii: Uweso, fundi wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge yakatoka nyuzi za singa, atapanda baiskeli jua likitoka na hatashuka mpaka lizame. Atauzunguka uwanja. Atakula juu, atakunywa juu, na mguu wake usiguse udongo.

Wazo lilikuwa la Asheri, fundi mwenzake. Mwaka uliopita alipita mjini Mhindi mmoja mcheza baiskeli, akazunguka hivyo hivyo, watu wakamtuza mpaka shati likajaa. "Mpita njia tumemtuza," Asheri aliwaambia wenzake pale korona, "na mtoto wetu wenyewe tunamtazama tu?"

Mtoto alikuwa Elizabeti, bintiye Bibiana, mjane wa kutoka milimani aliyeanika singa pamoja na Mwatumu kwenye kamba za uwanja wa kuanikia. Taya la mtoto lilivimba upande mmoja. Wakasema jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi. Wakasema kijicho, wakasema mengi, na Mwatumu, tusifichane, alisema kuwashinda wengi. Mwisho daktari wa misheni akasema ni saratani, na mtoto awahishwe Nairobi kwenye mashine ya miale kabla uvimbe haujaziba koo.

Wafanyakazi walichanga, lakini mchango wa watu wa mkonge haufiki Nairobi. Ndipo mafundi walipokwenda kwa Mzee Shekhe, mwenye malori na duka kubwa njia ya Pangani. Ujanani mzee huyu alikuwa kiongozi wa ngoma za mashindano, na uzee ulipomkuta, mashindano yalikuwa bado yamo damuni. Hakuweza kutoa kitu bila kushindana.

"Akimaliza," alisema, "lori langu linampeleka mtoto mpaka Nairobi, na gharama za hospitali ni zangu. Mguu ukigusa udongo, basi. Mimi nina neno moja."

"Na mtoto je, mzee?" aliuliza Asheri.

"Mwombeeni fundi wenu miguu."

Basi Uweso akapanda. Asubuhi ilikwenda kwa utani. Wafanyakazi walijigawa zamu kama za korona: hawa wanamwaga maji njiani vumbi litulie, hawa wanaimba asisinzie, na Asheri anakimbia ubavuni na dafu, ananyoosha mkono bila kugusa baiskeli, maana kushikwa nako kulikatazwa.

"Uweso," Mwatumu alimwita, "mkeo anauliza utarudi lini nyumbani."

"Mwambie nimeongeza mke. Huyu wa pili ana magurudumu."

"Na swala?"

"Nitazilipa. Nipishe, dada, unanikatia upepo."

Adhuhuri ilipopita, utani ulikauka. Jua lilimkalia Uweso kichwani. Midomo ikapasuka, shingo ikaanza kulegea. Alasiri msuli wa paja ukamkaza, baiskeli ikayumba kuelekea kwenye vigoda, watu wakatawanyika, naye akairudisha kwa kuuma meno. Hapo hakuimba mtu tena kwa furaha. Waliimba kama wanaovuta kamba ya mzigo.

Mzee Shekhe alikaa kwenye kiti chake cha mikono, bakora mapajani, macho kwenye miguu ya Uweso. Hatua chache kutoka kwake alikaa Bibiana, mtoto mapajani, kamfunika uso kwa kitambaa watu wasimkodolee. Naye hakumtazama Uweso usoni hata mara moja. Alitazama miguu. Mwatumu alijaribu kumsemesha, akajibiwa kwa kichwa, akanyamaza, akashindwa kunyamaza, akaondoka.

Jua lilikuwa limeshuka, limebakiza kidogo likae juu ya mkonge, ndipo wanawake wa Tongoni walipoingia na ngoma yao. Ile sauti ilimpanda Mwatumu kichwani. Akaona siku imekwisha, mtoto amepona, bado sherehe tu. Akavua leso yake ya juu, mpya, bado inanukia duka, akaitandika njiani.

"Apite juu ya nguo, bwana arusi wetu. Kina mama, mnangoja nini?"

Wakaitika. Kufumba na kufumbua njia imejaa leso, nyekundu kwa nyeupe, na vigelegele juu yake.

"Ondoeni," Asheri alipaza sauti. "Ondoeni nguo hizo, mna wazimu?"

Hakusikika. Uweso akapita leso ya kwanza, akapita ya pili. Alipofika ya Mwatumu upepo ukainua pindo, mnyororo ukalidaka, pedali ikakwama. Baiskeli ikasimama palepale. Uweso akaukata usukani kulia, akaukata kushoto, akitafuta mizani, na watu wote wakainama naye kulia, wakainama naye kushoto. Halafu mguu wake ukashuka.

Ngoma ikanyamaza katikati ya pigo. Mzee Shekhe akainua bakora.

"Ameshuka," alisema. "Basi."

Bibiana hakulia. Alianza kumfunga mtoto mgongoni, fundo likamponyoka.

"Hukuweza kukaa tu?" alimwambia Mwatumu, kwa sauti ya chini. "Siku moja tu, Mwatumu?"

Mwatumu akainamisha macho asimwone mwenzake, ndipo yakaangukia mguu wa Uweso. Ulikuwa umetua juu ya leso ya mtu wa Tongoni.

"Uweso, usitikisike," alisema. "Hapo hapo. Hata kidole usisogeze."

Akaenda mbele ya Mzee Shekhe, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshaharibu ndiyo unaniamkia?"

"Nina swali moja tu. Mwanao Sabiha alipotolewa kwenda kwa mumewe, tulimtandikia leso toka mlangoni mpaka garini. Tulifanya vile kwa nini?"

"Ni mila. Hujui?"

"Ya nini, baba?"

"Bibi arusi asikanyage chini."

"Alikanyaga?"

Watu waliokuwa wakiondoka walirudi. Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia.

"Mimi nilikuwapo," Mwatumu akaendelea. "Mama mkwe alisema kamwona akishuka kizingiti kwa miguu yake. Ukamjibu wewe, kwa kinywa chako, mbele ya shehe na mashahidi: mwanangu kakanyaga leso, hakukanyaga chini. Mama yule akanyamaza. Sasa na Uweso huyo pale. Kakanyaga nini?"

"Wewe mwanamke," alisema Mzee Shekhe, "hapana mlango usioujua."

Akanyanyuka. Alitembea taratibu mpaka alipo Uweso, akainama, akatazama. Kisigino kilikuwa katikati ya nguo, lakini vidole vilifika kwenye pindo, na baada ya pindo ni vumbi. Uweso alikuwa amesimama kwa mguu ule mmoja, wa pili ungali juu ya baiskeli, na paja likimtetemeka kama jani la mnazi.

Bibiana alikuja akasimama nyuma ya mzee.

"Pindo nalo ni leso," Mzee Shekhe alisema mwishowe. "Jua halijazama. Akipanda kutoka hapo pasipo kugusa udongo, aendelee. Na asishikwe."

Asheri alishapiga magoti kwenye mnyororo, kisu mkononi. Nguo ilikuwa imejizongomeza kwenye meno ya gurudumu, ukivuta huku inakaza kule.

"Ya nani hii?" aliuliza.

"Kata," alisema Mwatumu.

Akakata vipande vipande. Kila alipokata baiskeli ilitikisika, na kila ilipotikisika mguu wa Uweso ulisogea kidogo kwenye pindo. "Upesi, Asheri," alisema Uweso, akiwa amefumba macho. "Msuli umeshanifia." Kipande cha mwisho kikatoka. Uweso akasukuma, gurudumu likazunguka nusu, likarudi. Akatulia, akavuta pumzi, akasukuma tena, na safari hii likakubali. Wanawake wakazikwapua leso zao njiani kana kwamba zinaungua. Hapakuwa na kigelegele. Walisimama wamezikumbatia kifuani, wakimtazama akizunguka, akiyumba, akizunguka, mpaka mwadhini wa shambani alipoadhini magharibi.

Kushuka alishindwa. Mafundi walimbeba na baiskeli yake wakamlaza majanini, wakamkanda miguu.

Mzee Shekhe alikuwa akielekea msikitini. Akasimama mbele ya Bibiana. "Lori linaondoka alfajiri. Wewe, mtoto, na mtu mmoja wa kukusaidia. Mtafute sasa hivi."

"Mwatumu," alisema Bibiana.

"Mimi?" Mwatumu alikuwa akiokota vipande vya leso. "Baada ya haya?"

"Nairobi simjui mtu, na mimi si msemaji, unanijua. Wewe ukikaa mlangoni kwa daktari asubuhi, jioni utakuwa unalijua jina la mama yake. Kesho niharibie lolote, ila usininyamazie."

"Na ngwe yangu ya kuanika?"

"Tutaianika sisi," walisema wenzao wa kwenye kamba. "Nenda, utupumzishe masikio."

Walicheka wote, hata Bibiana kidogo. Mwatumu akampokea mtoto ili mama yake ajifunge vizuri. Alikuwa na la kujibu, tayari ulimini. Lakini alipomweka Elizabeti begani, uso wa mtoto ukamwegemea sikioni, akasikia pumzi yake inavyokwaruza koo ikiingia na kutoka. Utani ukamtoka. Alimrudisha taratibu mgongoni kwa mama yake, akaenda nyumbani mbio kufunga kifurushi.