Sitini na Nane

Wifi wa Cheche alikaa kutwa kwenye kibanda chenye kiyoyozi, miguu juu ya kiti cha pili, akitazama mioyo ya watu. Ndiyo kazi aliyopewa. Kila fundi aliyeingia ndani ya tanki kuchomelea alifungwa mkanda mweusi kifuani, chini ya ovaroli, na mapigo ya moyo wake yakatokea kwenye skrini ya kibanda. Namba ikipanda kupita kiasi, fundi hutolewa. Akitolewa mara tatu katika mwezi mmoja, haingii tena. Anapelekwa uwanjani kukwangua kutu.

Cheche, kama mafundi walivyomwita, alikuwa ameshatolewa mara mbili, na mwezi ulibakiza siku nne. Ni yeye peke yake mwanamke aliyeaminiwa kuchomelea ndani, na nafasi hiyo aliipigania miaka sita.

"Si joto linalonipandisha," alimwambia Babu Kamba, mzee aliyekaa mlangoni mwa tanki na kamba ya kumvutia nje mtu akizidiwa. "Ni sauti yake redioni. Akikohoa tu, moyo unaruka."

"Basi usimsikilize."

"Babu, umewahi kuwa na wifi wewe?"

"Mke wangu anaye. Ndiyo maana nimezeeka."

Asubuhi hiyo, nyuma ya mitungi ya gesi, Cheche aliuvua mkanda akamfunga mzee. Ilibidi aukaze mpaka tundu la mwisho, maana mzee alikuwa mbavu tupu. Babu Kamba alikubali shingo upande. Na kwa kuwa mkanda ulijichora chini ya shati, akahamisha ndoo yake ya kukalia upande ambao dirisha la kibanda halioni. Hakuangalia anaiweka juu ya nini.

Cheche akaingia, akachomelea nusu saa. Kisha redio ikakwaruza.

"Leo umetulia, wifi. Sitini na tisa. Umekunywa dawa?"

"Nimelala vizuri."

"Nimeona. Kaka yangu kapita kwangu alfajiri kuazima pasi, shati limekunjamana kama uso wa bibi."

Cheche akauma mdomo, akaendelea na mshono wake. Kichwa kilianza kumgonga, jasho likamwingia machoni. Akadhani ni hasira.

"Sitini na nane," redio ikasema. "Mama alimwambia kaka aoe mwanamke. Yeye akatuletea mtungi wa gesi."

Moyo ulimpiga Cheche mpaka masikioni. Alitaka kucheka, maana namba ile kule kibandani ilikuwa ya mzee anayesinzia.

"Na yale mashuka uliyoniletea nilipojifungua," sauti ikaendelea taratibu, kama mtu anayechokonoa kidonda kwa kijiti, "nimepigia deki chooni."

Cheche alifungua kinywa ajibu. Ulimi ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Taa iliyokuwa moja ikawa mbili, ikawa tatu.

"Sitini na nane bado," redio ikasema, na sasa sauti ilibadilika. "Huyu si wewe."

Baada ya hapo alikumbuka kamba ikimbana kwapani, ukingo wa mlango ukimkwaruza mgongo, halafu jua. Aliyeshika kamba alikuwa wifi yake, peku, viatu kaviacha kibandani. Babu Kamba alisimama kando. Ndoo yake ilikuwa imelikalia bomba la mpira la kupeleka hewa ndani, limebonyea kama jani.

Cheche akatapika. Wifi yake akampa maji, akangoja ayamalize, kisha akamfungua mzee mkanda.

"Utaandika nini?" Cheche akauliza.

"Nilichokiona."

"Watanitoa tankini."

"Watakutoa."

"Umeingoja siku hii tangu harusi yangu."

"Tangu posa," wifi yake akasema, akaandika yote, hata saa ya tukio.

Juma lililofuata Cheche alikuwa uwanjani, brashi ya waya mkononi, anakwangua kutu hatua kumi kutoka kibandani. Tangu siku ile hata wa uwanjani walifungwa mkanda, na wa kwake ulikaguliwa kila asubuhi kama mtoto anayekaguliwa kucha. Dirisha likafunguliwa.

"Mashuka yako yamo kabatini," wifi yake akasema. "Sijayapigia deki. Ila ni mabaya."

Cheche alikwangua kwa nguvu zaidi, kutu ikamrukia usoni.

"Mia na kumi na nne," wifi yake akasoma, akafunga dirisha.